Kunyooka, Kukunjuka na Kukatika: Mwenendo wa Molekuli Moja ya Polima na Vitenzi vya Kuueleza

Mara kwa mara husemwa, na pengine husemwa na Waswahili wenyewe, kwamba lugha yetu haiwezi kuichukua elimu ya sayansi za kisasa kwa sababu haina maneno. Asemaye hivyo aghalabu huwa anafikiri juu ya majina. Hutafuta jina la chombo hiki au la kemikali ile, na akilikosa katika kamusi huifunga hoja. Katika makala haya nakusudia kuuchukua mlango mmoja wa sayansi ulio mgumu, nao ni mwenendo wa molekuli moja moja za polima zinapovutwa, zinapotiwa joto au zinapomulikwa nuru, na kuueleza kwa Kiswahili. Kisha nitaonyesha kwamba shida yetu kubwa haiko katika majina. Majina twaweza kuyaazima, kama lugha zote ziazimavyo. Kazi iliyo ngumu ni kuchagua kitenzi, na hasa kauli ya kitenzi. Hapo ndipo Kiswahili kilipo tajiri, na hapo ndipo mtungaji asiyeangalia anapoweza kumpotosha mwanafunzi bila yeye mwenyewe kujua.

Polima ni kitu gani

Neno polima asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni "sehemu nyingi". Lilitungwa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden mwaka 1833, naye alilitumia kwa maana isiyo sawa na yetu ya leo. Maana ya leo yatokana zaidi na kazi ya Hermann Staudinger, Mjerumani, aliyedai mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira si mafungu ya molekuli ndogo zilizoshikamana ovyo, bali ni minyororo mirefu ya atomu zilizoungana kwa viungo imara vya kikemia. Wanakemia wengi wa zama zake walimpinga. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel, na leo hapana ambaye angelikana dai lake. Pamba ni polima, na kadhalika katani, wanga, nywele, mpira na nailoni. Hata DNA ibebayo urithi wa viumbe ni polima.

Mfano ulio karibu nasi ni utungo wa shanga. Ushike kwa ncha zake mbili uuvute, utanyooka. Uuachie ndani ya sinia, kisha uitikise sinia, nao utakunjamana. Tena waweza kuitikisa sinia mchana kutwa na utungo usinyooke wenyewe hata mara moja. Hapana mtu aliyeukunja. Sababu ni kwamba namna ya kunyooka ni moja tu, ilhali namna za kukunjamana hazihesabiki, na kitu kinachotikiswa huangukia penye namna nyingi. Molekuli ya polima iliyomo majini imo katika sinia isiyotulia kamwe, kwa kuwa molekuli za maji huipiga kila upande, na joto si kitu kingine ila msukosuko huo. Wanafizikia hupima wingi huo wa namna kwa kipimo wakiitacho entropia.

Kutokana na hayo twapata jambo la ajabu. Anayezivuta ncha mbili za molekuli huhisi kana kwamba molekuli nayo yamvuta yeye, ijapokuwa ndani yake hamna springi. Kinachomvuta ni msukosuko unaotaka kuirudisha molekuli katika kukunjamana. Ndiyo maana mpira uliovutwa kwa uzito hufupika ukitiwa joto, ilhali waya wa chuma hurefuka. Jambo hilo liliandikwa na John Gough wa Uingereza mwaka 1805, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu kujua sababu yake.

Kwa nini molekuli moja

Msomaji aweza kuuliza: kuna haja gani ya kuivuta molekuli moja, ikiwa twaweza kuvuta kipande kizima? Jawabu tutalipata katika kamba ya katani. Kamba hiyo ikilowa hukaza na kufupika. Mtu angedhani kwamba kila uzi uliomo ndani yake umefupika, na angekosea. Nyuzi zikilowa hunenepa, na urefu wake haubadiliki sana. Lakini kwa kuwa zimesokotwa pamoja, unene wao huukaza msokoto, na msokoto ndio unaoifupisha kamba. Kufupika, basi, ni tabia ya msokoto wala si ya uzi. Vivyo hivyo katika kipande cha polima mna molekuli nyingi mno zilizofungamana, na tabia tuionayo ni ya umati. Anayetaka kujua tabia ya mmoja hana budi kumtenga na wenziwe.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo vilipatikana karibu wakati mmoja. Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini ya kani ya atomu. Ndani yake mna ulimi mwembamba sana wenye ncha kali. Molekuli hushikamana na ncha upande mmoja na sakafu ya kioo upande wa pili. Ulimi ukiinuliwa, molekuli hunyooka na ulimi hupindika, na kupindika huko hupimwa kwa mwali wa leza unaomulikwa mgongoni mwake. Mwaka huo huo Arthur Ashkin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mwali wa leza uliokusanywa waweza kunasa tembe ndogo sana na kuishika. Chombo hicho twaweza kukiita koleo la nuru, nacho ndicho kilichompatia Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Hapa sharti tusimame kidogo juu ya neno moja. Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu latosha kwa mambo mengi: mwenye misuli ana nguvu, chai ina nguvu, umeme una nguvu, serikali ina nguvu. Fizikia haiwezi kuridhika hivyo, kwa sababu kivutacho ni kitu kimoja, na kinachotumika katika kuvuta ni kitu kingine. Watunzi wa istilahi walifanya vema kulichukua neno la zamani kani, tulijualo katika usemi "kushika kani", wakalipa kazi ya kutaja kivutacho au kisukumacho. Na neno nishati, lililotoka katika Kiarabu, wakalipa kazi ya kutaja kinachotumika. Bila tofauti hiyo mtu angelazimika kuandika kwamba "nguvu iliivuta molekuli na nguvu ikapotea", wala msomaji asingejua ni nguvu gani iliyopotea.

Kani hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni 1 ni takriban uzito wa chungwa dogo la gramu 100. Katika elimu hii kipimo ni pikonyutoni, yaani sehemu moja katika milioni ya milioni za nyutoni, ambayo ni takriban uzito wa chembe moja nyekundu ya damu. Urefu nao hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja katika milioni moja za milimita.

Vitenzi vitatu na majaribio matatu

Jaribio la kwanza ni la DNA. Mwaka 1992 Steven Smith, Laura Finzi na Carlos Bustamante waliivuta molekuli moja ya DNA kwa kuifunga kwenye tembe ya sumaku. Kwanza hukunjuka mikunjo yake ya ovyo, na kani ihitajiwayo ni ndogo sana, pungufu ya pikonyutoni chache. Mwaka 1996 ilionekana, katika kazi ya Bustamante na wenzake na ya kundi jingine la Ufaransa, kwamba kani ifikapo kama pikonyutoni 65, DNA hurefuka ghafula hata ikawa kama mara 1.7 ya urefu wake wa kawaida, na kani isizidi sana. Kitenzi kifaacho hapa ni kunyooka, kisha kurefuka.

Jaribio la pili ni la titini, protini kubwa iliyomo ndani ya misuli. Titini ni mfano wa uzi wenye mafundo mengi yaliyofuatana, kila fundo likiwa ni sehemu ya mnyororo iliyojikunja kwa mpango maalumu. Mwaka 1997 Matthias Rief na wenzake, mjini München, waliivuta kwa hadubini ya kani ya atomu. Kani ilipanda, ikaanguka ghafula, ikapanda tena, ikaanguka tena, hata mchoro ukawa kama meno ya msumeno. Kila jino lilikuwa ni fundo moja lililofunguka. Kani ilikuwa kati ya pikonyutoni 150 na 300, na masafa baina ya meno yalikuwa kama nanometa 25 hadi 28. Kitenzi kifaacho ni kukunjuka.

Jaribio la tatu lilifanywa mwaka 1999 na Michel Grandbois na wenzake, nao pia walikuwa mjini München. Waliivuta molekuli hata kiungo chake cha kikemia kikaachana, na wakaona kwamba kani iliyohitajiwa ilikuwa kama nyutoni 2 katika bilioni moja, yaani pikonyutoni 2,000. Kitenzi kifaacho ni kukatika.

Basi tuna ngazi ya daraja tatu: pikonyutoni chache, mamia, na maelfu, na kwa kila daraja tuna kitenzi chake. Mwandishi atakayesema kwamba katika jaribio la mwaka 1997 molekuli "ilikatika" kila kani ilipoanguka, atakuwa amemfundisha mwanafunzi uongo. Iliyokatika hairudi, iliyokunjuka, ikilegezwa, huweza kujikunja tena, na ndivyo titini ifanyavyo. Uhai wa msuli umo katika tofauti ya vitenzi hivyo viwili.

Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka

Tofauti iliyo ndani zaidi ni ya kauli. Kila mwalimu wa sarufi hufundisha kwamba "mlango umefunguliwa" na "mlango umefunguka" si mamoja. Kauli ya kutendwa humdokeza mtendaji, hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka humnyamazia, ikaeleza hali iliyokipata kitu. Je, fundo la titini hukunjuliwa au hukunjuka?

Mtu angejibu upesi kwamba hukunjuliwa, kwa kuwa ulimi wa hadubini ndio unaovuta. Lakini majaribio yanasema vingine. Fundo halina kani moja maalumu ambayo likiifikia hufunguka. Ukivuta haraka, hufunguka kwa kani kubwa zaidi. Ukivuta polepole, hufunguka kwa kani ndogo. Na ukiishika kani pahali pamoja ukangoja, fundo moja litafunguka mapema na jingine lichelewe, bila wewe kubadili kitu. Sababu ni ule msukosuko wa joto. Kani huufanya mlango uwe mwepesi kufunguka, lakini saa ya kufunguka huamuliwa na bahati ya mapigo ya maji. Mwenye kuvuta amechangia tu. Hakutenda peke yake. Kwa hiyo "hukunjuka" ni sahihi kuliko "hukunjuliwa", na si kwa uzuri wa lugha tu, bali kwa ukweli wa fizikia.

Vivyo hivyo protini inaporudi katika fundo lake. Tukiandika kwamba "hukunjwa", mwanafunzi ana haki ya kuuliza ni nani aliyeikunja. Tukiandika "hukunjamana", tumesema kwamba imekuwa hali ya ovyo, kama nguo iliyotupwa pembeni, na hiyo ndiyo hali ya utungo wa shanga katika sinia. Tukiandika "hujikunja", tumesema kwamba hufuata mpango uliomo ndani yake. Mzizi ni mmoja, kunj-, nao umetupatia kukunja, kukunjua, kukunjuka, kujikunja na kukunjamana, na kila kimoja kina mahali pake katika maabara.

Polima sikivu

Sasa tufike kwa polima ambazo hubadili umbo zikikutana na joto, nuru, umeme au kemikali. Napendekeza tuziite polima sikivu. Kusikia kwa Kiswahili si kazi ya masikio peke yake, maana twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia harufu. Na mtoto msikivu ni yule ambaye neno likimfika hubadili mwenendo.

Iliyo mashuhuri katika polima hizo ni poli-N-isopropilakrilamidi. Majini, chini ya nyuzi 32 za Selisiasi, mnyororo wake hupendana na maji, ukatanda. Joto lipitapo nyuzi 32, ambalo ni joto la adhuhuri ya kaskazi katika pwani yetu, molekuli za maji zilizokuwa zimejipanga kando ya mnyororo huachana nao, na mnyororo hujikusanya ukawa kama donge. Mwaka 1990 watafiti wa Japani, akiwamo Teruo Okano, waliitandaza polima hiyo juu ya sahani za kukuzia chembe hai. Katika nyuzi 37 chembe hushikamana na sahani na kukua. Sahani ikipozwa, polima hunywa maji, na chembe hubanduka zenyewe bila kukwanguliwa.

Kwa nuru, jaribio lililo bora ni la Thorsten Hugel na wenzake, mjini München, mwaka 2002. Walichukua polima yenye sehemu nyingi za azobenzini, ambazo zina maumbo mawili, moja refu na moja lililopinda. Waliifunga molekuli moja baina ya ncha na kioo, wakaivuta, kisha wakaimulika nuru ya mawimbi ya nanometa 365. Molekuli ilifupika ijapokuwa ilikuwa inavutwa. Walipoimulika nuru ya nanometa 420, ilirefuka tena. Kwa kuupanga mzunguko huo waliifanya molekuli moja itende kazi, nao walikadiria kwamba katika mzunguko mmoja ilitenda kazi ya joule 4.5 × 10⁻²⁰. Ni kidogo mno. Lakini ni kama mara 11 ya nishati ya msukosuko wa joto, na kwa hiyo si jambo la bahati.

Kwa umeme, G. Julius Vancso na wenzake katika Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wamechunguza minyororo yenye atomu za chuma ndani yake. Atomu hizo zikinyang'anywa elektroni hupata chaji, husukumana, na mnyororo hukakamaa. Zikirudishiwa elektroni, mnyororo hulegea.

Tazama jinsi kauli zinavyogawana kazi katika jaribio la nuru. Nuru huifupisha molekuli; molekuli hufupika; na kwa kufupika huuvuta ulimi. Kauli ya kutendesha humtaja mwenye nishati, kauli ya kutendeka hutaja badiliko, na kitenzi cha kutenda chataja kazi. Ukiifuata sentensi, umeifuata nishati ilikotoka na ilikokwenda.

Neno moja bado lanisumbua, nalo ni jina la lile jambo linaloiamsha polima. Wengi wangesema kichocheo. Lakini neno hilo hutumiwa pia kwa kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia, na mambo hayo mawili hayafanani. Kinachoharakisha hufikisha upesi pale ambapo mambo yangefika hata bila yake, kisha chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Joto au nuru hubadili mahali penyewe pa kufikia: donge liwe ndiyo hali ya raha badala ya mnyororo uliotanda. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa mambo hayo mawili atayachanganya, na kosa halitakuwa lake. Kwa muda huu napendekeza kiamsho.

Hayo si mambo ya anasa. Tangu mwaka 1967 mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na katika sekondari masomo ya sayansi yameendelea kuwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Kila mjadala wa kubadili hali hiyo hurudi kwenye hesabu ya istilahi, kana kwamba siku majina yatakapotimia kazi itakuwa imekwisha. Nimejaribu kuonyesha kwamba majina mageni katika makala haya ni machache, nayo hayakumzuia msomaji. Uzito wa maelezo umebebwa na vitenzi ambavyo mtoto huja navyo kutoka nyumbani: kukunja, kuvuta, kulegea, kukatika. Inafaa basi kamusi zetu za sayansi, kila zinapoingiza jina, ziingize na vitenzi vinavyokwenda nalo, na kauli ya kila kitenzi, pamoja na sababu yake.

Nawaomba wasomaji wa jarida hili, na hasa walimu wa fizikia na kemia, wayapime maneno sikivu na kiamsho, pamoja na matumizi ya kukunjuka na kujikunja niliyoyatetea hapa. Aliye na neno lililo bora, au ayajuaye matumizi ya pwani au ya bara yanayonikosoa, na aandike. Neno halitakuwa istilahi kwa kuwa mtu mmoja amelipenda. Litakuwa istilahi siku mwalimu atakapolitumia darasani na mwanafunzi asimwulize maana yake.